Nani Aliwaambia Laptopu ya Zamani Lazima Ikae Vibaya?

Wasee, kuna uongo mmoja tumeuziwa hadi tukauzoea. Ati kompyuta inayopendeza ni ya mwenye ganji, na wewe wa laptopu ya ex-UK kazi yako ni kushukuru tu kwamba inawaka. Leo naubomoa huo uongo, na nyundo yangu ni kitu ambacho wengi wenu mnakiita mchezo wa watoto: efekti za desktopu kwenye Linux. Ndiyo, yale madirisha yanayotikisika kama jeli ukiyavuta. Ndiyo, ule mchemraba unaozunguka. Tulieni, tutafika.

Tuanze na tarehe. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga duka la Windows 10. Masasisho ya bure ya usalama yakaisha, na wenye mashine za zamani wakaambiwa jambo moja: hamieni Windows 11. Lakini Windows 11 haikubali mashine yoyote tu. Inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, zile zilizoanza kutoka 2017. Sasa ingia Luthuli ama Moi Avenue, uliza EliteBook 840 G3. Hiyo ni kizazi cha 6. Uliza ThinkPad T460. Kizazi cha 6 pia. Hizo ndizo mashine wasee wengi wa rika letu wanatumia kutafuta riziki mtandaoni, kuhariri vidio na kuandika CV.

Ni kweli, Microsoft walitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu wa kawaida, hadi Oktoba 2026. Ulipe dola 30, ama utumie pointi zao, ama uhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Baada ya hapo, jipange.

Wiki moja baadaye, Oktoba 21, watu wa KDE wakatoa Plasma 6.5. Kama hujui, Plasma ni ile sehemu ya Linux unayoiona kwa macho: madirisha, menyu, picha ya nyuma, na efekti zote za kuonekana. Toleo hili lilikuja na madirisha yenye kona za mviringo hadi chini, na rangi zinazobadilika zenyewe mchana ukiisha na usiku ukiingia. Mchemraba upo. Madirisha ya jeli yapo. Na yote yanakubali kukaa kwa ile EliteBook ambayo Windows 11 imeikatalia mlangoni.

Halafu angalieni hii. KDE ilizaliwa Oktoba 14, 1996, siku ambayo mwanafunzi wa chuo Ujerumani, Matthias Ettrich, aliandika tangazo akiita watu wamsaidie kutengeneza desktopu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitumia. Yaani siku Windows 10 inazikwa, KDE ilikuwa inakata keki ya miaka 29. Mimi si mtu wa kuona ishara kila mahali, lakini hiyo manze ilinifurahisha.

Nikaposti klipu ya mchemraba ukizunguka. Komenti zikaja za aina tatu. Wa kwanza: "hii ni mambo ya watoto, Linux ni terminali." Wa pili: "hiyo itaua mashine yako." Wa tatu: "si ununue tu MacBook." Nitawajibu wote, mmoja mmoja, na sitawabembeleza.

Naanza na wewe wa mashine kufa, juu wewe ndiye umedanganywa kitambo zaidi.

Rudi mwaka wa 2006. Microsoft walikuwa wanatayarisha Windows Vista, na sifa yake kubwa ilikuwa Aero, ule muonekano wa madirisha ya kioo. Ili uupate ulihitaji kadi ya grafiki ya nguvu na draiva za aina mpya. Duka zikajaa laptopu zenye stika ya "Windows Vista Capable". Watu wakanunua. Vista ikafikia wateja wa kawaida Januari 2007, na wengi wakagundua mashine zao zenye stika zinaweza kubeba toleo la chini tu, lile lisilo na kioo chochote. Wakaenda mahakamani Marekani.

Barua pepe za ndani zikatolewa kwenye kesi. Zikaonyesha kwamba masharti ya stika yalilegezwa ili Intel iweze kuendelea kuuza chipu zake za 915, ambazo hazingeweza kuendesha Aero. Bosi mmoja wa Microsoft mwenyewe alilalamika kwamba alinunua laptopu ya dola 2,100 na sasa amebaki na mashine ya kusoma barua pepe. Bosi! Kama yeye alichomeka, wewe na mimi ni nani? Mwaka wa 2009 jaji akaivunja kesi isiendelee kama kesi ya kundi, na ikaishia hapo.

Sasa shika hapa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2006, msee mmoja wa kampuni ya Novell, David Reveman, alikuwa ametoa programu inaitwa Compiz. Ndiyo iliyoleta mchemraba na madirisha ya jeli kwenye Linux. Kufikia Oktoba 2006, Fedora Core 6 ilitoka ikiwa na Compiz ndani, na chipu za Intel za wakati huo, pamoja na hiyo 915 iliyoshindwa na Aero, zilikuwa kati ya zile zilizofanya kazi bila maneno mengi. Sababu ni kwamba draiva zake kwenye Linux zilikuwa wazi, kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha.

Rudia hiyo polepole. Chipu ile ile. Mwaka ule ule. Upande mmoja unaambiwa mashine yako ni dhaifu, haiwezi kupendeza. Upande wa pili mchemraba unazunguka.

Chuma hakikuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba kulikuwa na mtu anauza chuma kipya.

Na hizi efekti hazifanyi kazi kwa uchawi. Zamani kila programu ilikuwa inapaka rangi moja kwa moja kwenye skrini, na prosesa ndiyo inasimamia. Ukivuta dirisha, kila kilicho chini yake kinapakwa upya. Compiz na wenzake walibadilisha hiyo. Kila dirisha linachorwa kando, kama kwenye karatasi yake, halafu programu moja inayoitwa kompozita inaipa kadi ya grafiki kazi ya kuzipanga hizo karatasi kwenye skrini. Ukishakuwa na karatasi, unaweza kuikunja, kuizungusha, kuichoma moto. Dirisha la jeli ni gridi ya nukta zilizoshikanishwa na springi za hesabu. Ukivuta nukta moja, zingine zinafuata kwa kuchelewa kidogo. Ni fizikia ya sekondari, ile ya Hooke uliyokariri ukapita.

Kwa hivyo kadi ya grafiki iliyokuwa imekaa bure inapewa kazi, na prosesa inapumua. Je, zinakula umeme? Ndiyo, kitu kikisogea betri inatumika zaidi. Ile ya kufanya vioo viwe na ukungu ndiyo nzito kuliko zingine, na kama una RAM ya GB 4 zima hiyo kwanza. Lakini sikiza neno hilo: zima. Swichi iko kwako. Hakuna mtu amekuamulia.

Sasa wewe wa terminali.

Nakujua. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, na ukiona rangi unasema watu hawako serious. Unadhani ukiifanya Linux ikae ngumu utaonekana mwerevu. Buda, umefungia watu nje ya nyumba ambayo hukuijenga.

Hizo efekti unazocheka ndizo zililazimisha Linux ikue. Kabla ya kompozita, hakuna mtu alikuwa na haraka ya kurekebisha draiva za grafiki za desktopu ya kawaida. Mchemraba ulipotokea, kila mtu akautaka, na ikabidi mfumo mzima wa kuchora kwenye skrini uangaliwe upya. Wasee wakagombana kabisa. Septemba 2006 wengine wakajitoa Compiz wakaanzisha Beryl, kisha 2007 wakarudiana kwa jina la Compiz Fusion. Oktoba 2007 Ubuntu 7.10 ikaja na Compiz ikiwa imewashwa tayari. Kutoka 2011 hadi 2017, desktopu ya Ubuntu ya Unity ilikuwa imejengwa juu ya Compiz. Sai teknolojia hiyo ya kompozita iko kila mahali, hadi kwa simu uliyoshika. Hiyo unayoiita mchezo ndiyo ilikuwa barabara.

Na kuna jambo lingine. Mchemraba wa KDE uliwahi kutolewa. Watu walikuwa wanafumua kompozita yao, KWin, na ule msimbo wa zamani wa mchemraba haukuingiana na mpya. Wakautoa. Watumiaji wakalalamika, kelele zikawa kelele. Plasma 6 ilipotoka Februari 28, 2024, mchemraba ulikuwa umeandikwa upya na kurudishwa. Linganisha na Windows 11 ilipotoka 2021 ikiwa imeondoa uwezo wa kuhamisha ule upau wa chini kuupeleka juu ama kando ya skrini. Kitu kidogo hivyo, kilichokuwepo miaka na miaka. Watu walilia miaka, wakaambiwa muundo mpya ndio bora.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya kumiliki mashine na kukodishiwa uso wa mashine. Kama mtu mwingine anaweza kuamka asubuhi na kuhamisha kitufe chako bila kukuuliza, wewe ni mpangaji. Unalipa, unanyamaza.

Wa tatu, wewe wa MacBook. Karibu.

Mwaka wa 2025 Apple walileta muonekano mpya wanaouita Liquid Glass. Vioo, mwanga kupinda, menyu zinazong'aa. Mtandao mzima ukatulia kutazama, na vidio zikatengenezwa za kuchambua kona moja ya kitufe kimoja. Hakuna aliyesema ni ya watoto. Kitu kile kile kikiwa na nembo ya tofaa ni ubunifu, kikiwa kwa laptopu ya msee wa Kayole ni upuuzi. Na macOS Tahoe, iliyobeba hiyo Liquid Glass, ndiyo ya mwisho kukubali Mac zenye chipu za Intel. Umeona mchezo? Uzuri unaletwa kwa mkono wa kulia, mlango unafungwa kwa mkono wa kushoto.

Mimi sichukii mtu aliye na MacBook. Kama unayo, hongera, ni mashine safi. Nachukia ule ushauri wa "si ununue tu". Hilo neno "tu" linabeba kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Na hapa ndipo hii stori inanigusa. Tumezoeshwa kwamba kitu cha msee msoto lazima kikae kama adhabu. Mtu akisikia unataka kuokoa laptopu ya zamani, anakupendekezea Linux "nyepesi", yenye uso wa kijivu kama fomu ya chifu, na anakuambia uvumilie. Kwani nani alisema anayehesabu pesa hana macho? Mathe anayeishi nyumba ya chumba kimoja huweka vitambaa vya kufuma juu ya viti, na hakuna anayemwambia anapoteza uzi.

Tena Nairobi yetu hii! Tuko na nganya. Chesisi ni lori la Isuzu, la kubeba mizigo. Bodi inajengwa hapa hapa, vijana wanachora, wanaweka taa, skrini na muziki, na abiria anaacha gari tupu lililo mbele yake asubiri hiyo. Kila baada ya muda kuna mkubwa anayejitokeza kusema michoro ni uchafu, na kila baada ya muda michoro inarudi. Hatujawahi kuhitaji kufafanuliwa kwa nini kitu cha kazi kinafaa pia kupendeza. Tulijua. Lakini ikifika kompyuta, ghafla tunakuwa wanyenyekevu, tunakaa na picha ya nyuma iliyowekwa na muuzaji, na stika ya bei bado iko kwa kifuniko.

Sitawadanganya pia. Linux haitamaliza shida zako zote. Kama kazi yako ni Adobe kuanzia asubuhi hadi jioni, Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux. Kama unaishi kwa Valorant ama Fortnite, ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu hautakuruhusu. DaVinci Resolve ipo, lakini toleo lake la bure kwenye Linux halisomi vidio za H.264, ambazo ndizo simu nyingi hurekodi, kwa hivyo lazima uzibadilishe kwanza. Mtu akikuambia kila kitu kitakuwa sawa siku ya kwanza, anakuuzia kitu. Mimi natumia Kdenlive, OBS na GIMP, na hii kurasa inaendelea kutoka kila wiki.

Na sisemi TPM haina maana. Ina kazi halali ya usalama. Lakini kusema mashine fulani haina chipu fulani si sawa na kusema mashine hiyo imekufa. Mbaya zaidi ni kukaa na Windows 10 iliyoachwa, bila masasisho, ukifungua akaunti zako za benki humo. Hiyo ndiyo hatari halisi, na ndiyo nyingi zitaangukia, juu mwenyewe haoni njia nyingine isipokuwa kununua. Zile ambazo mwenyewe atachoka nazo zitafika Dandora zikiwa bado zinafanya kazi.

Kwa hivyo jaribu hivi. Tafuta flashi ya GB 8 ama zaidi. Pakua Kubuntu ama Fedora KDE, iandike kwa hiyo flashi, uwashe laptopu kutoka hapo. Haitagusa chochote kwenye diski yako hadi uiruhusu. Zunguka nayo jioni moja. Angalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti iko, kama skrini inarudi ukifungua kifuniko. Ukiamua kuiweka, hifadhi faili zako kwingine kwanza, tafadhali.

Halafu ingia mipangilio, tafuta efekti za desktopu, washa madirisha ya jeli. Ongeza desktopu pepe ziwe tatu ama zaidi, juu mchemraba hauchezi na mbili. Washa mchemraba, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na C. Na ucheke kidogo kwamba hicho kitufe bado kina nembo yao.

Usiishie hapo. Efekti za KWin zinaweza kuandikwa kwa JavaScript na QML, na faili zake ziko hapo hapo kwenye mashine yako, unaweza kuzifungua. Badilisha namba moja, uone dirisha linafunguka polepole zaidi. Badilisha nyingine, uivunje kabisa, uirudishe. Mimi chuo niliacha, na somo la kompyuta nililolipia karo huko lilikuwa kuchora jedwali kwa Word na kukariri sehemu za kompyuta. Hakuna aliyewahi kutufungulia kitu kinachofanya kazi atuonyeshe ndani. Hapa ndani kuko wazi, bure, na hakuna karo wala mlinzi wa kuuliza kitambulisho.

Hiyo ndiyo sababu nawapigia kelele kuhusu mchemraba. Mchemraba hautakulipa kodi, najua. Lakini miaka karibu 20 umekuwa ukionyesha kitu kimoja: kila wanapokuambia mashine yako imefika mwisho, kuna watu wengine, wengi wao wa kujitolea, wanaiwasha na inapendeza. Uamuzi wa lini laptopu yako imezeeka usiuache kwa mtu anayeuza mpya.

Kama una mashine Windows 11 imeikataa, andika modeli yake kwa komenti, nitakusaidia kuangalia kama itabeba Plasma. Na nyinyi watu wa terminali, njooni pia. Najua mko hapa, na najua wengine wenu mmewasha madirisha ya jeli kimyakimya.